Seva Nyingi Hazifanyi Kazi, Zinasubiri

Wadau, hii ni ile hotuba niliyoitoa Jumamosi pale kwenye mkutano wetu wa waandishi wa programu hapa Dar. Wengi mmenitumia meseji mnasema mlikwama kwenye foleni, wengine mlikuwa msibani, basi naiweka yote kama nilivyoongea. Ile michoro ya ukutani nimeiacha, maana hata waliokuwepo wakakaa nyuma hawakuiona, projekta ilikuwa na hali yake siku ile.

Habari za asubuhi jamani.

Naanza na swali na naomba mnijibu kwa sauti. Una seva, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine kwa mtandao, imeunganishwa na malori 1,000, kila lori lina kifaa cha GPS kinachotuma mahali lilipo kila baada ya dakika 2. Sekunde hii ninayoongea, ni malori mangapi yanaongea na seva yako? (Mmoja akasema yote, mwingine akasema mia tano.) Pigeni hesabu taratibu. 1,000 gawanya kwa sekunde 120. Ni manane hivi. Manane! Yale mengine 992 yako kimya, yanapanda mlima, yamepaki, dereva anakula, hayana habari na wewe kabisa.

Sasa kazi kubwa ya seva yako ni ipi? Kusubiri. Seva nyingi hazifanyi kazi jamani, zinasubiri. Na mimi leo nimekuja kuongelea hilo tu, namna ya kusubiri, maana kuna kusubiri kijinga na kuna kusubiri kwa akili, na hapo ndipo unapoipata seva inayobeba wateja 500 inahema na nyingine inabeba laki moja na feni yake husikii.

Wangapi hapa mmekulia nyumba yenye sanduku la posta? Naona watu wazima tu ndio wananyoosha mikono, sawa. Kwa vijana, huku kwetu posta haikuwa inaleta barua mlangoni, unakuwa na S.L.P. yako, unaenda na ufunguo wako, unafungua, kama kuna barua unachukua, kama hamna unarudi nyumbani na jua lako. Sasa fikiria wewe ni mjumbe wa ofisi kubwa yenye masanduku 1,000. Utafanyaje?

Njia ya kwanza, unaajiri vijana 1,000, kila mmoja anakaa mbele ya sanduku lake anasubiri barua. Hiyo ndio thredi (kibarua mmoja ndani ya programu) moja kwa kila koneksheni. Inafanya kazi? Inafanya. Na msicheke, kwa koneksheni 50 mimi mwenyewe naiandika hivyo hivyo, kodi yake inasomeka kama barua ya mapenzi (kodi ya kompyuta jamani, sio ile ya TRA). Lakini vijana 1,000 wanataka viti. Kwenye Linux thredi moja kwa kawaida inatengewa megabaiti 8 za steki, yaani kumbukumbu yake ya kazi, ukiwa na thredi 10,000 hizo ni gigabaiti 80 za ahadi, najua ni ahadi tu sio ramu yenyewe, lakini hata hiyo inayotumika kweli inaumiza, na kila prosesa ikihama kutoka kijana mmoja kwenda mwingine kuna gharama, anafunga daftari la huyu anafungua la yule.

Njia ya pili, unaenda mwenyewe na shada la funguo 1,000, unafungua sanduku moja moja mpaka la mwisho. Umekuta barua 8. Unazisoma, unarudi, unaanza tena la kwanza. Hiyo ndio `select`, amri ya kuuliza koneksheni zipi zina kitu, imekuja na Unix ya kule Berkeley, 4.2BSD, mwaka 1983. Na kwa mwaka 1983 ilikuwa ni kitu kizuri sana, nani alikuwa na koneksheni 1,000 mwaka 1983? Baadaye ikaja `poll` upande wa System V, ile Unix nyingine, ikaondoa baadhi ya kero lakini shada la funguo ni lile lile, kila safari unaikabidhi kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) orodha nzima ya soketi zako, yaani ncha za koneksheni zako, nayo inaipitia nzima, halafu unarudishiwa orodha nzima na wewe unaipitia tena kutafuta nani kajibu. Soketi 1,000 kwa ajili ya 8.

Njia ya tatu, unamkuta karani wa posta unamwambia, ndugu yangu, masanduku yangu ni haya, yaandike. Mimi nitakaa kwenye benchi hapa. Barua ikiingia popote, niite unipe namba ya sanduku. Basi. Orodha unampa mara moja, na akikuita anakupa zile namba 8 tu. Hiyo ndio `kqueue` aliyoiandika Jonathan Lemon kwa ajili ya mfumo wa FreeBSD mwaka 2000, na hiyo ndio `epoll` ya Davide Libenzi iliyoingia kwenye Linux mwaka 2002. `epoll_ctl` ni kumwandikisha karani, `epoll_wait` ni kukaa kwenye benchi. Mwaka 1999 Dan Kegel alikuwa ameandika ukurasa wake maarufu akiuliza kwa nini mashine moja isibebe wateja 10,000, na karani ndio akaja kuwa jibu. Igor Sysoev akiwa Urusi akaijenga nginx, programu ya seva ya tovuti, juu ya wazo hilo hilo, akaitoa hadharani mwaka 2004, na Januari 2012 WhatsApp wakaandika kwamba mashine yao moja inashika koneksheni zaidi ya milioni 2. Milioni mbili kwenye mashine moja, na sisi tunalia na 1,000!

Na sisi tulilia kweli, ngoja niwasimulie.

Kuna kampuni moja niliwahi kuifanyia kazi, jina nitalihifadhi, ilikuwa inafuatilia malori ya njia ya Tunduma. Seva waliyonikabidhi ilikuwa imeandikwa kwa C, na ndani yake kuna `select`. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri miaka. Magari yakawa yanaongezeka, 600, 800, halafu siku moja saa kumi na moja alfajiri, muda ambao madereva wanawasha magari, seva ikaanza kula CPU asilimia mia moja, logi, yaani daftari la matukio ya seva, zikaandika mistari ile ile mpaka diski ikajaa. Kosa lilikuwa EMFILE, yaani umefikia kikomo cha faili unazoruhusiwa kufungua, kikomo kilikuwa 1024 kama Linux inavyokuja. Na kwa nini CPU iungue? Kwa sababu kuna lori jipya mlangoni linabisha hodi, `select` inasema mlango una mgeni, unaita `accept` ya kumkaribisha, inakataa kwa sababu nafasi hamna, unarudi kwa `select`, inasema mlango una mgeni. Hivyo hivyo mara laki kwa dakika. Mgeni haingii na wewe hulali.

Mimi nikajiona fundi. Nikapandisha kikomo kuwa 65535, nikawasha upya, ikatulia, nikaandikiwa "hongera kaka" kwenye grupu. Kesho yake saa kumi na moja na nusu ikafa. Sio kosa kwenye logi, imekufa tu kimya. Keshokutwa tena. Na kabla ya kufa ilikuwa inafanya vituko, lori la Mbeya linaonekana lina namba za lori la Morogoro.

Kuna anayejua kilichotokea? (Dada mmoja mbele akajibu, na alijibu sawa.) Eeh, dada yangu umeshaumwa na nyoka huyu. Ile orodha ya `select`, inayoitwa `fd_set`, ina nafasi 1024 basi, biti 1024, baiti 128. Haiongezeki hata ukipandisha kikomo cha faili mpaka mbinguni. Soketi namba 1024 ikija, `FD_SET` inaandika biti yake nje ya orodha, kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine, na kwa jinsi programu ile ilivyojengwa hakuna aliyeuliza. Kile kikomo cha zamani nilichokiona kero ndicho kilikuwa kinatulinda. Hongera kaka.

Nikabadilisha nikaweka `epoll`, siku mbili za kazi, CPU ikashuka mpaka nikafikiri seva imezimika. Kwa hiyo tukaishi kwa raha? Hapana.

Naomba hapa mnisikilize vizuri kwa sababu hapa ndio wengi tunaumia. Karani akikuita amekuambia nini hasa? Amekuambia sanduku lina kitu. Hajakuambia lina barua ngapi, hajakuambia barua imekamilika, hajakuambia ukichelewa utaikuta. Taarifa sio kazi! Rudieni na mimi, taarifa sio kazi. (Wakarudia, wachache kwa aibu.) Data inaweza kufika nusu, TCP, ile itifaki inayobeba data mtandaoni, haijui ujumbe wako unaanzia wapi unaishia wapi, yenyewe inamimina baiti kama maji ya bomba, kuzikinga kwenye ndoo sawasawa ni kazi yako. Ndio maana soketi unaiweka O_NONBLOCK, ili ukisoma ukakuta pakavu ikuambie EAGAIN, yaani hamna kwa sasa rudi baadaye, badala ya kukusimamisha hapo mpaka lori la Tunduma likumbuke kutuma.

Na karani ana tabia mbili, unachagua wewe. Tabia ya kwanza, ambayo ndio ya kawaida, kila ukirudi kwenye benchi anaangalia, kama sanduku bado lina barua anakuita tena, hachoki. Tabia ya pili, unayoiomba kwa EPOLLET, anakuita barua mpya inapoingia tu. Ukienda ukakuta barua tatu ukachukua moja ukaziacha mbili, ukikaa kwenye benchi ananyamaza. Ataongea ikiingia nyingine. Kwake yeye alishakuambia.

Mimi nilisoma mahali kwamba EPOLLET ndio ya wanaume, ndio yenye kasi. Nikaiweka. Programu ilikuwa inasoma baiti 2048 mara moja kwa kila kuitwa, kisha inarudi kwenye benchi. Majaribio ofisini, safi. Gari la Dar mpaka Chalinze, safi.

Sasa wanaoijua ile barabara wanajua, ukitoka Mikumi ukapita Ruaha Mbuyuni unakuta Kitonga, mlima wa kona na kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza. Vifaa vyetu vilikuwa vinapoteza mtandao kwenye vipande vya njia ile. Kifaa kikikosa mtandao hakitupi data, kinaweka akiba, na kikiupata kinatuma akiba yote kwa mkupuo, labda baiti elfu 10, halafu kinakaa kimya kinasubiri seva iseme nimepokea ndipo kiendelee. Mmeanza kuiona? Akiba inafika kwa mkupuo. Karani anaita mara moja, mara mbili. Mimi nasoma 2048, narudi, nasoma 2048, narudi. Nyingine zote zimebaki sandukuni. Karani kanyamaza kwa sababu hakuna barua mpya. Hakuna barua mpya kwa sababu kifaa kinasubiri jibu langu. Mimi sijajibu kwa sababu sijamaliza kusoma ujumbe. Kila mtu anamsubiri mwenzake, kwa heshima kabisa.

Kwenye ramani ikawaje? Kila lori linaonekana limesimama Kitonga. Saa nane mchana mwenye malori ananipigia, sauti inatetemeka, "Kijana, magari yangu manne yamesimama Kitonga, kuna ajali?" Niwaambie ukweli, miguu iliniisha. Akapiga simu kwa dereva wa kwanza, haipokelewi, wa pili haipokelewi. Wa tatu akapokea, yuko Ilula, ameshaupita mlima, anakula ugali, anauliza bosi vipi. Wote walikuwa Ilula. Tangu siku ile mzee yule akinipigia anaanza kwa kuniuliza, "Leo Kitonga kuko salama?"

Dawa yake ni mstari mmoja, ukiitwa soma mpaka upate EAGAIN. Soma mpaka pakauke. Lakini dawa nayo ina madhara yake, ukipata mteja mmoja anayemimina bila kukata utakaa kwake siku nzima na wengine 999 wanakusubiri, kwa hiyo unajiwekea kikomo, tuseme raundi 16 kwa mteja, ukifika hapo unamwandika kwenye orodha yako mwenyewe ya "bado ana kitu", unahudumia wengine, unamrudia. Orodha yako mwenyewe, sio ya karani, yeye hatakukumbusha. Na kama hayo yote yanakuchosha, baki na ile tabia ya kwanza ya kawaida, mimi siku hizi naanza nayo kila mradi na sijawahi kukutana na mteja aliyelalamika.

Haya. Upande wa kutuma nitaupitia haraka kidogo maana naona watu wanaangalia saa. Ukimwandikisha karani "niite soketi ikiwa na nafasi ya kutuma", hiyo ni EPOLLOUT, kumbuka soketi karibu muda wote ina nafasi. Kwa hiyo atakuita muda wote. Niite kukiwa na nafasi, ipo, niite, ipo, niite, ipo, CPU inaungua bila kutuma hata baiti moja. Kwanza jaribu kutuma moja kwa moja, ikikwama katikati ndio umwandikishe, ikimalizika mfute.

Na ikikwama muda mrefu? Tulikuwa na watu wanaoangalia ramani kwenye simu zao, mmoja wao intaneti yake ya kuhesabu matone. Sisi tunamtumia kila lori kila linaposogea, yeye anapokea kidogo kidogo, kinachobaki tunamlimbikizia kwenye bafa, yaani sehemu ya ramu ya kusubirishia. Bafa ikawa megabaiti, ikawa mamia ya megabaiti, kerneli ikaona ramu imekwisha ikaua seva nzima kwa ajili ya bwana mmoja mwenye bando la kuisha. Mtu anayeangalia ramani anahitaji kujua lori lilikuwa wapi dakika 40 zilizopita? Hahitaji, anataka la sasa. Basi ukiona limbikizo lake limezidi, futa la zamani weka jipya. Kama ni data ambayo haifutiki, kama miamala, acha kusoma kutoka kule inakotoka mpaka huyu amalize, TCP yenyewe itambana mtumaji. Mtu asikudanganye kwamba kulimbikiza kwenye ramu ni suluhisho, ni deni.

Sasa nije kwenye kosa ambalo nalichukia kuliko yote. Lupu yako, yaani ule mzunguko wa kusubiri na kuhudumia, ni mtu mmoja. Mjumbe ni mmoja, benchi ni moja. Akisinzia, ofisi nzima imesinzia. Ni nani anayemsinzisha? Sisi wenyewe, kwa kitu kidogo kinachoonekana hakina hatia.

Mwenzangu mmoja, kijana mzuri sana na mpaka leo ni rafiki yangu, aliongeza mstari mmoja kwenye logi, lori likiunganishwa logi iandike jina la mtandao linakotokea badala ya namba za IP tu. Wazo zuri. Lakini kupata jina lazima uulize DNS, kitabu cha majina cha mtandao, na ile kazi ya kuuliza DNS kwenye C inasimama mpaka ijibiwe. Siku za kawaida inajibu kwa milisekunde, hakuna anayejua. Ijumaa moja seva ya DNS ikazimika. Kwa kawaida Linux inasubiri sekunde 5, hapajajibiwa inauliza tena, sekunde 5 nyingine. Sekunde 10 kwa lori moja! Na kwenye sekunde hizo 10 hakuna lori jingine linalosikilizwa, kwa hiyo vifaa vinaona seva imekufa, vinakata, vinaunganisha upya, na kila kinachounganisha upya kinaleta sekunde 10 zake. Ilikuwa ni kama daladala imezimika katikati ya barabara ya njia moja, halafu kila anayefika anazima gari aulize kuna nini.

Tulitafuta tatizo masaa matatu. CPU asilimia sifuri, ramu ipo, mtandao upo. Seva imekaa tu. Ndipo mmoja akatumia `strace`, chombo kinachoonyesha programu inaiomba nini kerneli, tukaiona inatuma pakiti kwenye bandari 53, ile ya DNS, inalala, inatuma inalala.

Diski nayo ni hivyo hivyo, na hapo `epoll` haikusaidii, ukijaribu kumwandikisha karani faili la kawaida anakataa, anakupa EPERM, yaani hairuhusiwi, maana kwake faili la diski siku zote liko tayari, hata kama diski yenyewe inakoroma. Ndio maana libuv, maktaba iliyo chini ya Node.js (ile inayoendesha JavaScript kwenye seva), ina thredi 4 pembeni kwa kazi za namna hiyo, na nginx mwaka 2015 wakaongeza thredi zao za pembeni. Kumbe thredi sio adui! Zinatakiwa mahali pake. Chochote kinachoweza kusimama, DNS, diski, hesabu nzito, kipeleke kwa kijana wa pembeni, akimaliza aje apige kengele, kwenye Linux kuna `eventfd` kwa kazi hiyo, unaiandikisha kwa karani kama soketi nyingine yoyote.

(Hapa mzee mmoja aliuliza kwamba kama karani ni mzuri hivyo, kwa nini watu wanaongelea io_uring. Nikamjibu hapo hapo.)

Swali zuri mzee wangu. Angalia, pamoja na uzuri wa karani bado unatembea. Anakuita, unaenda sandukuni, unachukua, unarudi. Kila safari ya kwenda kerneli na kurudi ina nauli yake. Nauli ni ndogo, lakini safari zikiwa milioni kwa sekunde unafilisika. Kwa hiyo Jens Axboe mwaka 2019, Linux 5.1, akaleta mpango mwingine, ndio hiyo io_uring, kwamba kati yako na posta kuna sinia mbili ambazo nyote mnazifikia. Sinia ya kwanza unaweka maagizo, soma hili, tuma lile, pokea mgeni. Sinia ya pili unakuta kazi imeshafanyika, barua imefunguliwa iko mezani. Maagizo 50 kwa safari moja, na ukiipanga vizuri hata hiyo safari inaweza isiwepo. Na faili za diski inazifanya pia. Ila ni mashine ngumu, imekuja na matundu ya usalama, mwaka 2023 Google walisema wameizima kwenye ChromeOS na kwenye seva zao. Mimi naipenda, lakini kwa malori 1,000 ni kununua ndege kwenda Kibaha.

Na hili la kupunguza safari sio letu sisi wa juu tu, kerneli yenyewe imelipitia. Laini ya gigabiti 10 ikijaa pakiti ndogo kabisa inaleta pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani kila nanosekunde 67 pakiti mpya. Kadi ya mtandao ikipiga kengele kwa kila pakiti, prosesa haitafanya kingine, itakuwa inaitikia kengele tu, "naam, naam, naam", na pakiti zenyewe zinamwagika bila kusomwa. Walichofanya wanaita NAPI. Kengele ikilia mara ya kwanza, kerneli inaizima, inaanza kuchota yenyewe mkupuo kwa mkupuo, kwa kawaida mpaka pakiti 64 kwa kadi kwa zamu, na zikiisha ndio inaiwasha kengele tena. Mmeona jambo hilo? Kazi ikiwa ndogo, kengele ni nzuri. Kazi ikifurika, kengele ndio tatizo, na kwenda kuangalia mwenyewe, ambako tulikucheka pale mwanzo na shada la funguo, kunarudi kuwa akili.

La mwisho, na hili hata vitabu vingi vinaliruka. Tumeongea matukio yanayotokea. Je, lisilotokea?

Lori likiingia Kitonga likakosa mtandao, linaaga? Haliagi. Dereva akichomoa waya wa betri, kifaa kinaaga? Hakiagi. Upande wako soketi iko wazi, karani hana la kukuambia kwa sababu hakuna kilichoingia, na kifaa kikirudi hewani kinafungua koneksheni mpya, ile ya zamani inabaki. Siku moja nikahesabu, tuna magari 1,100 na koneksheni 4,000 na kitu. Tulikuwa na magari hewa jamani, kama wale wafanyakazi hewa. TCP ina dawa yake inaitwa keepalive, lakini hata ukiiwasha, kwa kawaida kwenye Linux inasubiri masaa 2 ya ukimya ndio ianze kuuliza "upo?", halafu inauliza mara 9 kila sekunde 75. Lori limeshafika Iringa limepakua.

Kwa hiyo saa ni lazima iwe ndani ya lupu yako. `epoll_wait` inakubali umwambie usubiri mpaka lini, milisekunde kadhaa, kwa hiyo unaweka orodha ya nani anaisha muda lini, aliye karibu zaidi juu, na unakaa kwenye benchi mpaka muda wake yeye, sio zaidi. Kifaa kinatuma kila dakika 2, sisi tukaweka 7, kisichosikika dakika 7 tunakikata. Kwa nini 7 na sio 5? Kwa sababu tulianza na 5 na lori lililosheheni saruji likawa linakatwa kila likipita pale mlimani, tukampa na yeye nafasi ya kupumua.

Nimeambiwa chai imefika na maandazi sio mengi. Yule dada wa `FD_SET` naomba nikuone kabla hujaondoka, tunatafuta mtu.